Milimita Mbili za Stamena

Stamena aliuza jibini katika soko la mji wa Yambol tangu ujana wake, na mnunuzi wa kumpunja alikuwa hajazaliwa. Mfupi, mwembamba, akisimama nyuma ya madebe yake unaona kitambaa cha kichwa tu. Dada yake Gergina, mfupi vilevile, alianguka jikoni akichoma pilipili, akafa. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umepasuka. Ndipo Stamena naye akaenda kupimwa.

Kremena, mpimaji wa ultrasaundi, alimpaka ute wa baridi kifuani, akakandamiza kifaa. Mshipa ule kwa mtu mzima wa kawaida hauvuki sentimita nne. Wake ulikuwa nne nukta nane.

"Wanafanya upasuaji kuanzia ngapi?"

"Tano, mama."

"Tano kwa nani? Kwa mume wangu Dobri, lile pande la mtu? Suruali yake naingia mimi na wewe na nafasi ikabaki!"

"Ni kweli, mwili mdogo ulitakiwa uwe na mshipa mdogo. Lakini jopo la madaktari kule mji mkuu, Sofia, linataka tano kwa kila mtu."

Stamena aliikodolea macho picha. "Umepima ndani ya ukuta au pamoja na ukuta?"

"Ndani."

"Basi pima na ukuta wake. Hata jibini, wapo wanaolipima na debe."

"Mama Stamena, usinitie matatani."

"Nani kakwambia udanganye? Kwani ukuta si wangu?"

Kremena akacheka, akasogeza alama kwenye skrini. Tano kamili.

Kule Sofia, daktari Karaivanov aliiweka picha hiyo kando, akampima mwenyewe.

"Nne nukta nane. Aliyekupima amejumlisha ukuta."

"Wa dada yangu ulipasuka ukiwa nne nukta saba. Kimo chetu kimoja."

"Pole. Hutokea."

"Basi daktari, tukutane katikati. Andika nne nukta tisa, unipasue."

"Bibi, hapa si sokoni."

"Ingekuwa sokoni tungeshamalizana."

Daktari hakucheka. Vitanda ni vichache, akasema, na wenye sita wamejaa koridoni. Arudi mwakani. Asinyanyue kitu kizito.

Stamena alikuwa anamjua muuzaji asiyetaka kuuza. Akavaa koti. Huyu hata kumbembeleza hakufai, maana bei walishaipanga wengine, mahali pengine.

Nje, Dobri akapiga simu. "Wamesemaje?"

"Haujafika tano."

"Haujafika! Si nilikwambia? We mwanamke umenipandisha presha bure!" Stamena akamsikia akifungua dirisha, akimpigia jirani kelele: "Stamena wangu hana kitu! Lete chupa ya rakia tunywe!"

Stamena alisubiri mpaka mumewe akarudi kwenye simu.

"Kesho madebe atayashusha nani?"

"Si wewe? Mgongo wangu unaujua."

"Haya," akasema, akaenda kutafuta basi la Yambol.