Taka Zangu na Jiko la Mama Chapati

Mtahini wa pili aliandika swali lake kwa penseli, pembeni mwa ukurasa wa hitimisho, kwa herufi ndogo nilizozisoma mara tatu kabla basi la kurudi Jinja halijatoka hata nje ya Kampala: "Wewe mwenyewe unatekeleza hatua ngapi kati ya hizi?" Alikuwa akizungumzia hatua kumi na tisa nilizozipendekeza katika tasnifu yangu ya uzamili, hatua ambazo, kwa maoni yangu, kila kaya ingeweza kuzichukua kila siku bila gharama yoyote ili kuyatunza mazingira. Kutenganisha taka. Kwenda dukani na kikapu. Kumwagilia mboga maji yaliyooshewa vyombo. Nilizipanga vizuri, kila moja na maelezo yake. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nikitekeleza nne, au tano ikiwa kuzima taa kunahesabika, na siku ya utetezi, swali hilo lilipoulizwa kwa sauti mbele ya watu, nilijimiminia maji ya jagi, nikayanywa polepole mpaka yakaisha.

Usinihurumie bado, rafiki yangu. Wiki iliyofuata nilikuwa Mbale, kwenye semina kuhusu taka za plastiki. Kila mshiriki alipewa chupa ndogo ya plastiki yenye maji, chakula cha mchana kililetwa ndani ya visanduku vyeupe vya povu la plastiki, na tulipoagana tukapewa fulana zenye picha ya mti, kila fulana ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, ile mifuko ambayo sisi huiita kavera. Nilimwuliza mwandalizi mmoja kama haoni jambo. Akaniuliza kama nilitaka saizi nyingine.

Nilitoka pale nikiwa nimechoshwa na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Badala ya kupanda gari la kurudi Jinja, nilikwenda kwa miguu hadi Namatala, mtaa wa vibarua na wachuuzi, kwa sababu swali la mtahini lilikuwa limeamsha jambo la zamani zaidi. Mama yangu alikuwa ameniambia kwamba huko ndiko anakoishi mwanamke aliyekuwa jirani yetu Jinja, tuliyemwita Mama Chapati. Nilimkosea nikiwa na miaka tisa, na hakuna aliyejua. Nilikuwa nakwenda kukiri.

Lakini kosa lenyewe lilianzia Busiu, kwa bibi, maana huko ndiko nilikojifunza kufagia.

Likizo zote nilipelekwa kwake. Kukhu, kama tulivyomwita kwa Kigisu, aliamka kabla ya kuku, na kazi ya kwanza ya mjukuu ilikuwa ua. Ulinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda mpaka ndani ya nyumba. Kisha ukainama na ufagio wa nyasi, ukafagia ukirudi kinyumenyume ili nyayo zako zisiharibu mistari. Ua uliofagiwa na bibi ulionekana kama nywele zilizochanwa. Mgeni aliyepita asubuhi aliisoma nyumba kwa mistari hiyo, akajua humo wanaishi watu wa aina gani.

Na taka? Zilisukumwa chini, upande wa mteremko, kwenye migomba. Maganda ya matoke, majivu ya jikoni, makapi ya mahindi, majani ya ndizi tuliyoyafanya sahani siku za malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa katika mchuzi mzito wa karanga, ambayo hadi leo nikisikia harufu yake nasahau ninachosema. Vyote vilikwenda chini. "Usiache kitu mlangoni," alikuwa akisema bibi, "sukuma huko, migomba inangoja kula." Na kweli ilikula. Sikuwahi kukuta nilichokisukuma jana yake. Mikungu yake ilikuwa mizito hata ikabidi iegemezwe kwa miti.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda Jinja shule zilipofunguliwa: mikono iliyojua kufagia, na imani kwamba kilichosukumwa chini kimekwisha.

Jinja tuliishi katika kota za kiwanda cha nguo, nyumba za mstari mmoja zilizoteremka kilima kama ngazi, na nyuma yake mtaro mmoja uliopita kwa wote. Wewe uliyekulia nyumba za namna hiyo unajua kwamba pale hakuna siri. Ukikaanga vitunguu, nyumba tatu zinajua. Chini yetu palikuwa kwake Mama Chapati. Alikuwa mjane, Mwislamu, mwenye mitandio ya rangi kali na jiko la mabati aliloliegemeza ukutani, kando kabisa ya mtaro. Kabla hakujapambazuka vizuri nilimsikia akipiga madonge ya unga ubaoni, pa, pa, pa, kisha mafuta yakaanza kuimba.

Chapati zake alizifunga kwa magazeti ya zamani, na kwa kuwa hakujua kusoma, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumsomea kila ukurasa kabla haujaondoka na chapati. Tulisoma kesi zisizo na hukumu, mechi zisizo na matokeo, na barua za wapenzi ambazo majibu yake yalikuwa katika ukurasa ulioliwa jana. "Soma haraka, mwalimu," alinihimiza, "yule mteja anakuja kuchukua habari yetu." Malipo yangu yalikuwa chapati ya kwanza ya siku, ile isiyo mviringo, ambayo aliihifadhi chini ya sahani mpaka nirudi kutoka shule. Sijui kama nimewahi tena kuhitajiwa kiasi kile.

Nilipoingia shule, mzee wa Kihindi mwenye duka la pale barabarani alikuwa akiifunga sukari katika pembe ya gazeti na kuikaza kwa uzi. Nilipofika darasa la tatu, uzi na gazeti vilikuwa vimekwisha. Kila kitu kilitoka dukani ndani ya kavera: sukari, chumvi, dagaa, hata maziwa. Mama yangu alifurahi sana. Sukari haikumwagika tena, wala sisimizi hawakuiingia. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Kwa nini tungefikiri? Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, nilifagia ua wetu kama nilivyofundishwa, kinyumenyume, kwa mistari, nikasukuma vyote chini. Chini palikuwa na mtaro. Niligonga ufagio ukingoni mara mbili, nikaenda shule nikiwa nimeridhika.

Nieleze kwa usahihi, maana nimelifikiria jambo hili kupita kiasi. Sikuwa mchafu. Nilikuwa mtoto msafi kuliko wote katika mstari ule, na usafi wangu ndio uliozibana kavera zile, moja juu ya nyingine, kwenye kona ambapo mtaro ulipinda nyuma ya jiko la mabati.

Mvua kubwa ilianguka alfajiri ya siku moja ya Ijumaa. Tulipotoka nje, maji ya rangi ya chai yalikuwa yameupanda ukingo na kuingia jikoni kwa Mama Chapati. Gunia la unga lilikuwa limevimba. Mkaa ulielea. Yeye alisimama katikati, kanga imefungwa magotini, akiyachota maji kwa sufuria na kuyarudisha yalikotoka, nayo yakirudi tena.

Mwenyekiti wa mtaa akaja na viatu vyake vya mpira, akachokoa ile kona kwa fimbo, akatoa furushi la kavera lililoshikana kama nywele.

"Haya," akasema, "takataka hizi zote ni za nani kama si za mwanamke wa chapati? Biashara ya chakula ndani ya kota, matokeo ndiyo haya."

"Bwana mwenyekiti," akajibu Mama Chapati bila kuacha kuchota, "mimi nafunga kwa gazeti. Mtaa mzima unajua. Hizo kavera za sukari nimezitoa wapi, mimi nauza sukari?"

"Usinijibu kama askari. Tazama nyumba ya hapo juu yako. Ua unang'aa kama sahani. Mbona wao hawaleti matatizo?"

Watu wote waligeuka kuutazama ua wetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio mkononi. Nilikuwa nimeshafagia. Mama yangu aliniwekea mkono begani, na mpaka leo sijui kama ulikuwa mkono wa fahari au wa kunizuia. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, fupi, yenye kiima na kiarifu. Nikaufunga.

Jiko lilibomolewa Jumatatu. Bila jiko hakukuwa na chapati, na bila chapati hakukuwa na kodi ya chumba, hivyo kabla mwezi haujaisha alipakia ubao, sufuria na mitandio yake kwenye lori la mahindi lililokuwa likirudi Mbale tupu, kwa binti yake. Mimi niliendelea kufagia. Tena kwa bidii zaidi, kama mtu anayefuta maandishi.

Basi utaelewa kwa nini niliupita mlango wake mara mbili kabla ya kubisha hodi, huko Namatala, miaka ishirini baadaye. Alikuwa ameketi mkekani, magoti yamemshinda, akimsimamia binti yake aliyekuwa akikaanga nje. Akayafinya macho kunitazama.

"Huyu si yule wangu wa gazeti? Karibu, karibu ndani! Umerefuka hivi na bado hujaolewa?"

"Bado, mama. Ninasoma."

"Bado unasoma?" Akamgeukia binti yake. "Sikia, bado anasoma! Gazeti gani hilo lisilokwisha?"

Nilikuwa nimeyapanga maungamo yangu kwa sehemu tatu: tukio, wajibu, na ombi la msamaha. Binti yake akatuletea chai. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaanza na sehemu ya kwanza, nikaruka ya pili, na yote yakatoka kwa mkupuo mmoja.

"Mama, zile kavera zilizoziba mtaro zilikuwa zetu. Ni mimi niliyekuwa nazifagia. Mwenyekiti alikusingizia, na mimi nilijua, na nilinyamaza."

Akapuliza chai yake.

"Najua."

"Unajua?"

"Si nilikuwa nakusikia? Kila asubuhi: shwa, shwa, shwa, halafu ko, ko, unagonga ufagio. Mimi niko pale nakanda unga, nasema, haya, mwalimu amemaliza."

"Sasa kwa nini hukumwambia mwenyekiti?"

"Nimwambie nini? Nimshitaki mtoto kwa kufagia?" Akacheka, kisha akashusha sauti, kana kwamba mwenyekiti bado angeweza kusikia. "Na tena, mwanangu, hata mimi zangu nilizisukuma. Makopo ya mafuta, maganda, majivu, uchafu wote wa jikoni. Nikimaliza kazi nasukuma chini, maji yanachukua."

Nilikuwa nimebeba hatia ile kwa miaka ishirini kama kitu changu peke yangu, na sasa mwenyewe alikuwa ananionyesha kwamba alikuwa nayo ya aina ileile. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikereka, na akili yangu, ambayo haijui kuacha jambo lipite, ikaendelea kuteremka kilima.

"Lakini chini yako alikuwa anaishi nani?"

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la upepo.

"Chini yangu hakukuwa na mtu. Palikuwa na ziwa tu."

Alinisamehe, bila shaka. Alifanya hivyo kwa kunisukumia sahani ya chapati. Lakini hakuwapo mtu wa kunisamehe kwa lile lililobaki, lile la ziwa, na hilo hakulielewa, wala mimi sikuwa na maneno ya kulieleza ambayo hayakutoka kwenye tasnifu.

Bibi yangu hayupo tena. Migomba ya Busiu imekatwa, na mahali pake kuna safu ya vyumba vya kupanga vinavyotazama barabara ya Tororo, na ua wake umepigwa saruji. Wapangaji wanaufagia kila asubuhi, nimewaona, kwa uangalifu uleule, wakirudi kinyumenyume ingawa saruji haishiki mistari. Usafi tunao bado, tunao hadi unakera. Aliyetoweka ni yule kiumbe wa kijani aliyekuwa akingoja upande wa chini na kula tulichokisukuma, na kwa kuwa hatukuwahi kumshukuru, hatukutambua siku alipoondoka. Tumeendelea kumpelekea chakula.

Nilipoaga, binti yake alinifungia chapati mbili za safari. Akazitia ndani ya kavera. Nikasema ningependelea gazeti. Akacheka akasema magazeti siku hizi yako kwenye simu. Mama Chapati alikuwa ananitazama, ameninyooshea kavera ile mwenyewe, na mimi, mtaalamu wa hatua kumi na tisa, nikapokea na kushukuru, kwa sababu, baada ya ile Ijumaa ya mvua, sikuweza kumkataa mara ya pili.

Chapati nilizila kabla ya kufika Jinja. Kavera ninayo hapa mezani, nimeiosha na kuikunja mara nne. Kila asubuhi naishika nikitaka kuitupa, nasimama nayo mlangoni, nautazama mteremko, na kurudi nayo ndani.