Jongoo Mweupe

Kila nikifungua chupa ya spiriti kazini ili nitambue aina za jongoo wa pangoni, harufu ile kali hunirudisha katika darasa letu, kilimani juu ya mji wa Ogembo.

Mwalimu alikuwa amepanga jongoo weusi mezani, tayari kuwatia katika spiriti. Msichana niliyeketi naye dawati moja, rafiki yangu, alileta mmoja mweupe aliyemtoa pangoni nyuma ya shamba lao la chai.

"Huyu ni mtoto wa yule mweusi," mwalimu akasema. "Atakomaa."

"Hapana, mwalimu. Hana macho. Huyu ni aina ingine."

Mwalimu akanipa lenzi. "Wewe, angalia. Ana macho?"

Niliangalia. Kichwa kilikuwa laini, kitupu kama punje ya mchele.

"Anayo, mwalimu," nikasema. "Mawili."

"Mpigieni makofi!"

Wakanipigia. Kisha mwalimu akamshika rafiki yangu kisogoni, akamsukumia jongoo usoni. "Mwangalie karibu basi, uyaone!" Jongoo akapasuka vidoleni mwake, na maji yake ya kahawia yakamwingia msichana jichoni. Alipiga mayowe. Sisi tukacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Jioni tuliteremka pamoja katikati ya michai. Jicho lake lilikuwa limevimba hadi likafungika.

"Kweli uliyaona?" akaniuliza.

"Niliyaona."

Akalifuta jicho kwa mkono wa sweta.

"Basi nilikosea," akasema. "Siku ingine nitaangalia vizuri."