Jumapili za Mtangazaji Mwenye Mafua

Kwa miaka kumi na moja dobi alipiga pasi mbele ya redio moja iliyofungwa kwa mpira. Kila saa tisa alasiri mtangazaji mwenye sauti ya mafua alipiga nyimbo zisizojulikana: mzee na gitaa la nyuzi tatu, dada wawili waliorekodi jikoni, sufuria zikigongana. Mkewe alikunja mashati upande wa pili wa meza. Wimbo ukimkolea alisema tu, "Huu wetu," wakaendelea na kazi.

Kisha mke akapata kazi ng'ambo ya kutunza wagonjwa, mkataba wa miaka miwili. Hata miezi mitatu haijatimia, kituo kikauzwa, mtangazaji akaachishwa kazi, na saa tisa ikawa ya matangazo ya sabuni na ubishi wa mpira. Dobi akazima redio. Wiki hiyohiyo akaunguza kola ya mwalimu mkuu.

"Unaunguza nguo za watu kisa redio?" fundi viatu wa jirani akamuuliza.

"Redio nilikuwa nasikiliza na mtu, ndugu yangu."

Siku moja mke akapiga simu. "Baba watoto, nimempata yule wa mafua. Anachagua nyimbo nyumbani kwake, anaziweka mtandaoni kila Jumapili. Mbwa wake anabweka katikati."

Dobi akacheka, jambo ambalo meza ile ilikuwa imelisahau. Tangu hapo kila Jumapili walihesabu moja, mbili, tatu, wakakata simu na kubonyeza pamoja, kila mtu na nchi yake. Wimbo ukiisha, ujumbe wa mke uliingia: "Huu wetu."

Ikabaki wiki moja mkataba uishe.

"Wameniongezea mwaka," mke akasema Jumapili hiyo. "Nimekubali. Mtoto hajamaliza chuo."

"Ulikubali lini?"

"Jumanne."

Dobi akahesabu kwa vidole. Siku tano mkewe alikuwa amebeba jambo hilo peke yake. "Ungeniambia Jumanne, mama. Tungesikitika wawili."

Akamsikia akilia, akamwacha alie. Mwishowe mke akasema, "Tuhesabu basi. Ameshaweka nyimbo."

Aliimba mwanamke, kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Upande wa mke kitandani palijaa mashuka ya wateja. Dobi akayahamishia kitini, akajilaza pale, akaurudia wimbo tangu mwanzo.