Saa ya Nyanya Nyuma ya Goli

Nisikilize kidogo, rafiki yangu, maana jambo hili hutalielewa kabla hujalijua giza la Birmingham. Mwisho wa Novemba jua hapa huzama kama saa kumi jioni, watoto wakiwa bado njiani kutoka shule. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Wiki iliyopita nilikuwa Alum Rock kununua bizari, nikapitia kwenye chuo alichosoma kaka yangu. Kimezungushiwa mabati. Mafundi walikuwa waking'oa madirisha, na kupitia mwanya niliuona ule ukuta wa korido, hauna kitu.

Zamani ulikuwa na picha moja tu: timu ya mpira ya chuo, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Vijana wenye masharubu na kaptura za kufika magotini, mpira wa ngozi mbele yao. Walimaliza msimu mzima bila kushindwa mechi hata moja. Kila mwalimu wa michezo aliyekuja aliahidi kwamba timu itakayofanya hivyo tena itatundikwa kando yao. Miaka ilipita, nafasi ikabaki tupu.

Kaka alikuwa kipa. Mimi nilikuwa mdogo, tumehamia juzijuzi kutoka Nairobi, na mpira sikuujua. Nilichojua ni kwamba muhula ule kaka hakuwa akilala vizuri. Septemba walishinda. Oktoba wakashinda tena, mara moja wakatoka sare. Ramadhani ikaingia, wengi wao wakacheza na saumu zao, na bado hawakushindwa. Ikabaki mechi ya mwisho. Sare ingetosha.

Siku hiyo mimi na nyanya yetu tulikaa jikoni tukitoa kokwa kwenye tende, sambusa zikinukia jikoni kote.

"Mwenye njaa hatafuni, anameza," nyanya alisema. "Sitaki kipa akabwe."

Kisha akatia kikapuni ile saa yake ya plastiki yenye umbo la msikiti, inayoadhini.

"Nyanya, tunaenda uwanjani," nikamwambia.

"Kwani Magharibi haifiki uwanjani?"

Tulisimama nyuma ya goli la kaka. Kipindi cha pili, bao moja kwa moja, baridi inauma masikio, mwanga unakwisha. Mwalimu alikuwa akitazama saa yake kila mara. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wetu akamwangusha mshambuliaji wao. Penalti.

Mpigaji akauweka mpira. Kaka akatanua mikono. Na hapo kikapu kikaanza kuadhini.

Nyanya hakumuuliza mtu. Aliingia uwanjani na tende zake, mkono mmoja ameuinua kumtuliza refa. Kaka akapewa ya kwanza, wenzake wakaja mbio. Refa akamtazama mwalimu, akawaacha. Kisha yule mpigaji naye akasogea, kiganja wazi.

"Nyanya, huyo ndiye anapiga," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Please, asubiri kwanza."

"Asubiri nini? Naye ameshinda na njaa."

"Nyanya, picha yetu."

"Hii adhana si ya timu yako peke yako."

Akamchagulia moja kubwa. Kijana aliila polepole, akajifuta vidole kwenye jezi, akainamisha kichwa kumshukuru nyanya. Akarudi nyuma, akapiga. Kaka aliruka kulia. Mpira ukaenda kushoto.

Mechi ikaisha hivyo. Kaka alitembea mbele yetu hadi nyumbani, na hakugusa sambusa hata moja. Nyanya hakumbembeleza. Aliziweka sambusa za kaka pembeni, akazifunika kwa sahani. Wakati wa daku zilikuwa zimeisha.

Nyanya hayupo tena. Saa yake ilinyamaza, hata betri mpya hazikuisaidia. Sasa hata wale wenye masharubu wameshushwa, sijui wamepelekwa wapi. Nilipompigia kaka kumweleza kuhusu ukuta, aliuliza kama uwanja bado upo. Siku hizi anafundisha watoto mpira kule Kings Heath. Kabla ya kukata simu akaniambia nikija mazoezini Ramadhani hii nisije mikono mitupu.

Nawe ukienda kumtazama mtoto wako akicheza na saumu, fanya hivi. Toa kokwa nyumbani. Zifunge tende kwenye kitambaa, uziweke kwenye mfuko wa ndani wa koti zisigande kwa baridi. Na beba za timu zote mbili.