Mama Betri, mwamshaji wa mausi thelathini na mbili

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, simu za ukumbi bado zimenyamaza. Mwanamke mwenye koti la buluu na kikapu cha plastiki anapita kati ya meza. Anashika mausi ya kwanza, anaisukuma kidogo na kusema, "Moja."

Kabla hajaimaliza hiyo "moja" yake, mshale umeshakimbia kwenye kioo cha kompyuta. Anaguna kwa kuridhika na kuhamia meza ya pili. Meza ziko thelathini na mbili, na simu zinafunguliwa saa mbili kamili.

"Zamani ningehesabu mpaka tatu," anasema bila kusimama. "Kuna moja ilikuwa inafika saba. Hiyo niliipa jina la Bibi Harusi. Mnaisubiri tu, mpaka yenyewe ijisikie kutoka."

Jina lake mwenyewe hapa kazini ni Mama Betri. Ana miaka arobaini na moja, watoto wawili, na mkataba wa mwaka mmojammoja ambao kila ukikaribia kwisha humnyima usingizi. Ni fundi wa vifaa katika ukumbi ambako hospitali moja kubwa hupokea simu za wagonjwa wanaotaka miadi. Mgonjwa anapiga, karani anamtafutia kliniki na siku, anabofya, basi. Hapo kwenye kubofya ndipo mkasa ulipoanzia.

Awali mausi zilikuwa na waya. Waya zikaning'inia mpaka sakafuni, magurudumu ya viti yakazikata, na siku moja karani mmoja, mtu mwenye mwili wake, akanaswa na kuanguka na kiti huku simu ikiwa sikioni. Mgonjwa upande wa pili alisikia kishindo, akauliza kama amwitie ambulensi.

Mama Betri ndiye aliyependekeza mausi zisizo na waya. Wiki ya kwanza alipigiwa makofi. Wiki ya pili mishale ikaanza vituko: karani anasukuma mausi, mshale unakaa kimya, kisha unaruka kama umeona nyoka. Kila mtu akaja na dawa yake. Mmoja aliipuliza mausi, mwingine aliipasha joto kiganjani, wa tatu aliigonga mezani, na mama mmoja mcha Mungu aliiombea.

Ndipo akapiga simu mzee wa miaka sitini na mbili, dereva mstaafu, akiomba miadi ya macho. Karani alielekeza mshale kwenye "Macho", akabofya. Mshale ulichelewa, ukaruka mstari mmoja chini, na mzee wa watu akaandikishwa "Wajawazito". Dakika ileile akatumiwa ujumbe wenye siku, saa, namba ya chumba, na maelezo kwamba ikiwezekana aje na mwenzi wake.

Mzee akaja. Na mkewe.

"Walikaa kwenye foleni saa mbili nzima," anasimulia Mama Betri, akijifuta machozi ya kicheko. "Muuguzi akauliza nani anafuata, mzee akanyoosha mkono. Akaambiwa, 'Baba, hapa ni kwa wajawazito.' Akajibu, 'Mwanangu, mimi sioni vizuri, ujumbe kanisomea mke wangu. Hospitali ikishasema, mimi ni nani nibishe?'"

Ukumbi ulicheka siku mbili. Msimamizi wa ukumbi hakucheka, na alikuwa na haki, maana jicho la mzee lilikuwa linazidi kuharibika. Alimwita fundi ofisini kwake.

"Nakupa wiki mbili," alimwambia. "Mausi zikiendelea kusinzia, narudisha za waya. Na za waya hazina betri, kwa hiyo fundi wa betri sitamhitaji tena."

Mkataba wa Mama Betri ulikuwa umebakiza wiki tano. Anakiri kwamba siku hiyo aliogopa sana, akaenda chooni akalia, akanawa uso, kisha akarudi kazini.

Mausi isiyo na waya, anaeleza, hulala isipotumika ili betri isiishe, na ikiguswa huamka. Kwa hiyo kwanza aliuzima usingizi kabisa. Mausi zikawa nyepesi kidogo, lakini betri zikaisha kwa siku tisa. Mausi moja ina betri mbili, kwa hiyo ukumbi mzima ulihitaji betri sitini na nne kwa mpigo. Mtunza stoo, mzee anayetoa betri kana kwamba anatoa damu yake, alimtazama juu ya miwani.

"Mama, hizo mausi zako zinakula au zinakunywa?"

Akageuza. Akazipanga zilale baada ya sekunde tano. Betri zikadumu, lakini karani akishusha pumzi tu, mausi imeshalala fofofo. Kugonga meza kukarudi, na maombi pia.

"Njia mbili zilimshinda fisi," anasema. "Na mimi nilikuwa karibu kupasuka msamba."

Jibu alilipata nyumbani, kwa mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na minane ambaye masikio yamemchoka. Jioni moja Mama Betri alimwita kutoka jikoni aje anywe chai. Bibi akaitika, "Eeh?" Akamwita tena. "Eeh?" Mara ya tano Mama Betri alikwenda mwenyewe uani, koo limekauka.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia kwa upole, "unapiga kelele mpaka jasho linakutoka. Si usogee tu?"

Chai ilipoa siku hiyo; akili ya Mama Betri ilikuwa imeshahamia kwenye mausi.

Kesho yake Mama Betri aliingia uvunguni mwa meza ya kwanza. Kipokezi, kile kidude kidogo kama ukucha kinachosikiliza mausi, kilikuwa kimechomekwa nyuma ya kompyuta, chini sakafuni, kati ya bati la kasha lake, ukuta na miguu ya karani. Mausi ilituma neno, neno halikufika, ikarudia, ikarudia tena. Huko kurudiarudia ndiko kulikochelewesha mshale, na ndiko kulikomaliza betri.

Alichomeka waya wa mita moja, akakipandisha kipokezi juu ya meza, shibiri moja kutoka kwenye mausi. Usingizi akaupanga wa wastani, dakika kumi. Akasukuma, akasema "moja", na mshale ukamtangulia. Kazi ngumu ikabaki ya kumweleza msimamizi, bosi wake.

"Naomba waya thelathini na mbili."

Bosi alivua miwani. "Tulitoa waya, tukaleta mausi zisizo na waya."

"Ndiyo, bosi."

"Na sasa mausi zisizo na waya zinataka waya."

"Ndiyo, bosi. Ila mausi yenyewe haifungwi waya. Waya ni wa kipokezi, na nitaufunga kwenye mguu wa meza. Gurudumu halitaufikia."

Bosi alivaa tena miwani, akaja kujaribu mwenyewe. Alisukuma mausi mara moja tu. "Lete karatasi nisaini," akasema.

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu waya hizo zifungwe, na betri zilezile zinafanya kazi. Mtunza stoo amekosa raha; siku hizi ndiye anayeanza kumsalimia fundi, akiuliza kama hana hata moja iliyokufa. Mzee wa macho alipigiwa simu na karani yuleyule, Mama Betri akiwa amesimama pembeni. Ametibiwa, ana miwani, na ujumbe wa hospitali sasa anausoma mwenyewe kwanza.

Kilichobaki ni vidole. Watu walizoea mausi nzito, wakajifunza kubofya mara tano ili moja ipokelewe. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alipata miadi mitatu ya meno kwa siku moja. Mpango wa Mama Betri ni kuwafundisha makarani, dakika kumi kila asubuhi, kubofya mara moja na kutoa mkono. Anataka aanze na bosi.

Bosi ndiye aliyechapisha mkataba mpya wa Mama Betri, wa miaka miwili. Kwa mazoea alibofya mara tano, na printa ikatoa nakala tano.

"Akaniuliza, 'Fundi, nini tena hiki?' Nikamwambia, 'Bosi, mausi imepona. Sasa inakusikia.'"

Alisaini zote tano palepale, na bosi naye akasaini.

"Akibadili nia itabidi azikusanye zote," anasema, akiishika mausi ya meza ya thelathini na mbili. "Na moja nimempa mama mkwe anitunzie. Huyo hata bosi apige kelele vipi, hasikii."