Nusu ya Mrefu

Jina aliloandikiwa kazini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Chapuchapu, kwa sababu hakujua kutulia. Hata chai aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili unatafuta cha kufuta. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika nyumba ya kufulia nguo nyuma ya stendi ya mabasi. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja bovu lililogoma kufunguka lote, mabomba ya mvuke yanayokoroma kutwa, na meza mbili za pasi zilizotazamana. Moja yake, moja ya Mrefu.

Mrefu alikuwa mrefu kweli, mpaka meza yake ilibidi iwekewe matofali chini ya miguu. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika na kicheko chake kilipitia puani. Wawili hao walianza kazi msimu mmoja, binti wa Chapuchapu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa binti huyo amemaliza shule na ana jibu kwa kila neno la mama yake, na wanawake wale bado wanatazamana juu ya mashuka ya hoteli za watu.

Kilichowafikisha hapo bila kurukwa na akili ni mchezo wao. Asubuhi, shehena ya kwanza ikishatoka kukaushwa, mmoja alianza: "Haya, leo zimeingia. Unafanyaje?"

Hakuna aliyeuliza hela zimetoka wapi. Zimeingia, basi. Mwenzake alianza kuzitumia. Mrefu alipenda makubwa: gari lenye mapazia, nyumba ya ghorofa yenye ngazi za kuzunguka. "Na huko juu sipandi," alisema, "magoti hayataki. Nitakaa chini niziangalie tu." Chapuchapu hakuwahi kununua kitu cha kuweka ndani. Yeye alinunua safari. Treni, meli, miji yenye baridi ambako mtu hutembea mikono mfukoni. Siku nyingine Mrefu alimwuliza atarudi lini, naye akajibu kwamba hajafikiria kurudi, ndiyo kwanza amefika.

Mchezo ulikwisha kwa maneno yale yale. Aliyetumia alisema, "Na nusu yako ipo, usiwe na wasiwasi." Mwenzake akaitikia, "Najua. Na yako ipo." Walisema hivyo kama watu wanavyoitikia salamu, bila kuinua macho kwenye pasi.

Sasa, Chapuchapu alikuwa na shangazi aliyefariki bila mtoto na kuacha vipande kadhaa vya ardhi. Kaka yake Chapuchapu alijigawia vya mwinuko, vyenye udongo mzuri, akamwachia dada yake kinamasi huku amebana kicheko. "Wewe fuga vyura," alimwambia. Chapuchapu alikwenda kukiona mara moja, akapoteza kiatu kwenye tope, hakurudi tena. Ukoo mzima ulipotaka kucheka, ulikumbuka shamba la Chapuchapu.

Kumbe watu wa umeme walikuwa wanatafuta pa kupitisha laini kubwa, na minara yao ilipangwa kukata bonde lile katikati. Walipompigia simu mara ya kwanza aliwakatia, akijua ni matapeli. Mara ya pili aliwatukana kwa adabu. Mara ya tatu walimfuata kazini na ramani, wakamwonyesha kinamasi chake, kile kile, hata mkondo uliomeza kiatu chake. Akatia saini akiwa haamini, akarudi kwenye pasi yake, miezi ikapita.

Siku hela zilipoingia alikuwa ananyoosha shati jeupe la mteja. Simu ilitetemeka ndani ya aproni. Akasoma, akarudia kusoma.

"Wewe, unaunguza," alisema Mrefu.

Mkono wa shati ulikuwa umeshapata doa la rangi ya chai. Chapuchapu aliinua pasi, lakini hakutazama doa.

"Watu wa umeme wamelipa."

Mrefu alizunguka meza, akalichukua lile shati na kuligeuza kwenye mwanga. "Nyingi?"

"Nyingi."

"Hongera," Mrefu alisema. Akalikunja shati, akaliweka kando, akarudi kwenye shuka lake. Kesho yake mashuka ya hoteli yalikuja kama kawaida. Hakuna aliyesema haya, leo zimeingia.

Nyumbani ilikuwa shamrashamra. Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu mpole aliyebeba mabomba begani mpaka bega moja likashuka kuliko lingine. Yeye alitaka pikipiki ya magurudumu matatu, yenye mgongo wa kupakia mzigo, na aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja mchumba. Binti alitaka chuo cha ukunga, na fomu alishaileta. Paa lilihitaji mabati. Kaka naye alipiga simu kwa sauti ya asali, akiulizia afya ya kila mtu, kisha akakumbusha kwamba ardhi ile, ukiangalia vizuri, ni ya ukoo.

"Juzi vyura walikuwa wangu," Chapuchapu alimjibu, "leo wamekuwa wa ukoo?"

Kaka alisema dada amebadilika.

Kweli alibadilika. Usingizi ulimpaa. Akitoka kazini hakwenda nyumbani moja kwa moja, miguu ilimpeleka madukani. Aliingia duka la magodoro, akalala juu ya moja na viatu vyake vikining'inia nje, akainuka kabla muuzaji hajamaliza kueleza. Alishika sufuria, akaziweka. Alipima koti la baridi katika mji usio na baridi, akatoka jasho jembamba mbele ya kioo. Alasiri moja alijikuta kwenye foleni ya tiketi za treni. Zamu yake ilipofika, karani akamwuliza, "Kwenda tu, mama, au kwenda na kurudi?" Akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Watu nyuma yake wakaanza kuguna. Akatoka kwenye mstari, akatembea haraka hadi nyumbani kama anayefukuzwa, na mume wake alipomwuliza ametoka wapi, akasema sokoni, mikono mitupu.

Kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa chumba cha pasi. Mrefu hakununa. Afadhali angenuna. Alikuwa na adabu. Alianza kusema samahani na ahsante, na kumwuliza "umeamkaje mama" kama mtu aliyemkuta kwenye benchi la hospitali. Mvuke ulipanda kati yao, pasi zikapiga, na kutwa nzima ilikwisha kwa maneno ya "nipitishie hanga".

Hatimaye alimwambia mume wake habari za nusu. Fundi bomba alicheka.

"Hayo ni maneno ya kazini, mke wangu. Sisi tukiwa shimoni tumeshaahidiana ndege nzima."

"Mlisema mara ngapi?"

"Mara moja. Tulikuwa na njaa."

"Sisi tumesema kila siku."

"Kwani amedai?"

"Hajadai. Angedai ningejua la kumjibu."

Mume aliona uso wake, akaacha kucheka. Akasema nusu ni paa na chuo. Akasema hakuoa nyumba ya kufulia nguo. Kisha akasema hela ni zake Chapuchapu, aamue mwenyewe, na hilo la mwisho ndilo lililomwumiza, maana sasa hakuwa na wa kugombana naye.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimfuata Mrefu uani kwenye kamba za nguo. Mrefu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyoosha miguu.

"Kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mrefu alitafuna alichokuwa nacho mdomoni mpaka kikaisha. "Nikikukumbusha, nimekuwa mdai. Nikinyamaza, unaona nimenuna. Nipe njia ya tatu, nitaifuata."

"Ingekuwa wewe ungefanyaje?"

Hapo Mrefu alifikiri kweli, macho juu ya mashuka. "Ningekukwepa," alisema. "Ningeomba hata nihamishwe zamu."

Chapuchapu alicheka bila kupenda, na Mrefu akachekea puani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile shati walitazamana.

"Halafu nikuambie ukweli," Mrefu aliendelea. "Nusu yangu nilishaitumia. Siku ile ile, kabla sijafika nyumbani."

"Gari la mapazia?"

"Nani akanunue gari la mapazia kwa hela ya kweli? Dada yangu kule mji wa juu ana chumba kimoja barabarani. Anataka kuoka mikate, hana tanuri. Nimenunua tanuri, nimenunua unga, nimegombana naye kuhusu bei ya mkate, nimefunga duka. Yote kichwani, huku napiga pasi. Nimechoka hoi."

Chapuchapu aliingiza mikono kwenye aproni, akaitoa tena. "Nusu siwezi," alisema. Alidhani maneno hayo yangemkwama kooni, yakatoka kirahisi, na urahisi wake ukamtia haya.

"Najua."

"Theluthi naweza."

"Sijakuomba."

"Hujaniomba. Pokea kabla sijabadilisha mawazo, maana nimeyabadilisha mpaka yamechakaa."

Mrefu hakusema ahsante. Alisimama, akashika ncha moja ya shuka, Chapuchapu akashika nyingine, wakalikunja.

Fundi bomba alipoambiwa alichukua spana, na siku nzima na nyingine iliyofuata hakuiweka chini. Alirekebisha kila bomba la nyumba, hata yasiyovuja. Mwishowe akanunua pikipiki ya magurudumu matatu iliyotumika badala ya mpya, na kila ilipogoma kuwaka asubuhi alimtazama mke wake kidogo, kisha akaipiga teke. Binti akaenda chuo. Paa likapata mabati, na siku ya mvua ya kwanza wote waliketi chini yake wakisikiliza. Kaka alipewa kidogo cha kumfunga mdomo, akakipokea, na mdomo haukufungika. Katika yote hayo Chapuchapu alibaki na jozi moja ya viatu, vizuri lakini vya kawaida.

Jambo ambalo hakulitegemea lilikuja mwisho wa mwezi. Mrefu alifungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada. Nilikuambia."

"Ulisema tanuri. Hukusema wewe."

"Mkate haukandwi kwa simu," Mrefu alisema. Akamshika bega, akalibana, akatoka. Matofali yalibaki chini ya miguu ya meza.

Chapuchapu alidhani ametoa fedha, kumbe ametoa mtu. Hiyo ndiyo fikra iliyomganda, na aliionea aibu, kwa sababu alijua pia kwamba amefurahi kwa ajili ya mwenzake, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja. Meza ya pili alipewa kijana aliyesikiliza mpira kwa waya masikioni na kushangilia peke yake. Chapuchapu akaomba ahamishiwe mbele, kaunta, kupokea nguo za wateja. Meneja akakubali. Kule mbele kulikuwa na hewa na kiti, lakini kila basi lilipopiga honi stendi, aligeuza shingo.

Wakati wa likizo yake fupi alipanda basi moja, akaenda mji wa juu.

Alimkuta Mrefu amejaa unga mpaka kwenye nyusi, amekonda, anabishana na dada yake kuhusu chumvi. Nje watu walikuwa wamepanga mstari. Mrefu hakumkumbatia. Alimvulia aproni yake mwenyewe, akamvisha. "Simama hapa. Wape chenji. Tutaongea baadaye." Chapuchapu alisimama asubuhi yote akifunga mikate ya moto kwenye karatasi, akiunguza vidole, akitaniwa na watu asiowajua, na hakukumbuka kutazama saa.

Baadaye wakaketi mlangoni na chai.

"Una raha?" aliuliza Chapuchapu.

"Nimechoka kuliko kule. Dada yangu ana kichwa cha jiwe. Usiku nalala kama gogo." Mrefu alipuliza chai. "Raha sijaipima. Wewe?"

"Mimi kila mtu amepata alichotaka. Ukiniuliza mimi nilitaka nini, bado natafuta."

Mrefu alionyesha kwa kidevu barabara inayoshuka upande wa pili. "Kule chini kuna miji mitatu haina mkate wa maana. Nahitaji mtu wa kuzunguka na mikate. Si kazi ya kukaa."

Chapuchapu alisema atafikiria. Alipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza kufikiria.

"Na mimi nitakula nini?" aliuliza fundi bomba.

"Mkate."

Hakucheka, lakini Jumatatu alimpakia mke wake na sanduku kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, ikawaka kwa teke la kwanza, akampeleka stendi. Alimwuliza anarudi lini. Akasema Ijumaa. Ijumaa ikafika, naye akafika, na mavumbi ya barabara tatu kwenye viatu vyake na habari za watu aliokutana nao mpaka chakula kikapoa. Jumatatu akaondoka tena.

Ndivyo wanavyoishi hadi leo. Majirani wana mengi ya kusema. Wengine wanasema ameachika, wengine wanasema ana utajiri wa siri huko milimani, na kaka yake anaamini hilo la pili. Siku za Jumapili mume huanza kuwa mkimya kuanzia mchana, na Chapuchapu hukaa naye uani kadiri awezavyo, akimchambulia mboga, akimsimulia hili na lile. Jua likianza kushuka, mazungumzo humponyoka, na huanza kuuliza kama kuna aliyeona mkoba wake wa safari umewekwa wapi.