Mahali Dar es Salaam Inapoishia

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro asubuhi, ilhali ofisi ilifunguliwa saa mbili. Ilikuwa chumba kimoja Temeke, juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ilikuwa kupeleka familia za Kiislamu mapumzikoni: Pangani, Lushoto, Unguja, mara mojamoja Uturuki. Nilikuwa na digrii ya utalii lakini sikuwahi kulala hotelini hata siku moja. Meneja wa Safari, mama asiyependa maneno mengi, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hapa hatuuzi vitanda, mwanangu. Mtu akitoka kwake anaogopa mambo matatu: atakula nini, atatawadha wapi, atasali saa ngapi. Mtoe hofu hizo, hata chumba kikiwa kidogo atakusifu."

Nilidumu miaka mitatu, na mwezi huu nimeacha. Aliyekaa kwenye kiti changu ameniomba nimwandikie tulivyokuwa tukifanya, naye nampa pamoja na yale ambayo nisingependa kuyakumbuka.

Kazi ilianza kwa simu. Tuliuliza jikoni nyama inachinjwa na nani, na kama mafuta ya kukaangia samaki ndiyo yaliyokaanga vingine. Tuliomba pombe iondolewe kwenye friji za vyumbani kabla wageni hawajafika. Kila choo kiwe na kopo, maana hoteli nyingine nzuri huweka karatasi tu. Kibla nilikipima mwenyewe kwa dira, mara mbili, kisha nikarudi kupima mara ya tatu. Raha nayo tuliipanga: Pangani tulikuwa na hoteli iliyokubali kutuachia ufukwe kwa saa moja, wanawake peke yao, walinzi wa kiume wote wakae upande wa barabarani.

Saa hiyo ndiyo iliyomvuta Bi Mwanahawa. Alikuwa mama wa mjini wa siku nyingi, na tangu aolewe hakuwahi kuingia baharini zaidi ya kulowesha miguu. Bintiye Rukia, ninayekaa naye mtaa mmoja, ndiye aliyemwandikisha. "Nataka mama aelee," aliniambia. "Mie sitaki kingine." Saa yetu ilikuwa siku ya kufika, kumi na moja na nusu mpaka Magharibi. Siku zilizofuata ufukwe ulikuwa wa wageni wa harusi.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza kuongoza peke yangu. Meneja alinikabidhi daftari lake la vituo, lenye kurasa za njano. Kwa barabara ya Bagamoyo aliandika: "Simama Wazo. Wasali kasri na jamu." Kasri ni kufupisha sala ya rakaa nne iwe mbili, jamu ni kuunganisha, Alasiri ikasaliwa pamoja na Adhuhuri. Ni ruhusa ya msafiri, na kwa tulivyosomeshwa madrasa haianzi mpaka uyaache majengo ya mji wako nyuma.

Tulisimama Wazo, kwenye msikiti unaotazamana na vumbi la kiwanda cha saruji. Nikatangaza kwa kipaza sauti cha basi: kasri na jamu. Watu arobaini wakasali, tukaondoka kwa wakati. Nilijisikia mtu mzima.

Kisha nikatazama dirishani. Nyumba. Duka la vifaa vya ujenzi, nyumba, shule, ghorofa, nyumba. Nikajiambia zitakatika sasa hivi. Hazikukatika. Daftari liliandikwa wakati Wazo ilikuwa mwisho wa mji, na mji ulikuwa umetembea bila kumwambia mtu. Tulisali kama wasafiri tukiwa bado nyumbani. Adhuhuri ya watu arobaini haikuwa imeswihi, wala Alasiri, na mimi ndiye niliyewaambia.

Nikampigia Meneja, nikinong'ona.

"Umeanza kuwaza tena?" akasema. "Kuna mtu kalalamika?"

"Hapana."

"Basi wafikishe. Ukisimamisha basi, wanawake wanakosa saa yao."

Nikakata simu. Nilipiga hesabu, nikairudia. Misikiti ya njiani huwa na bomba moja la kutawadhia, na watu arobaini ni karibu saa nzima; kuchelewesha sala mpaka Pangani nako kungeila saa ileile. Nikinyamaza, Bi Mwanahawa anaelea. Nikisema, haelei. Lakini wakati wa Adhuhuri ulikuwa bado upo, na ulikuwa unakwisha, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimekosea." Nikaeleza yote.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Digrii hiyo!" wakacheka wachache.

Mzee Nassor, mwenye duka la nafaka Kinondoni, alikaa kiti cha mbele. Akasema taratibu, "Mie nilisali rakaa nne, wala sikuunganisha. Adhuhuri nimekwisha, Alasiri naingojea wakati wake."

"Kumbe ulijua? Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Wewe ndiye mwenye kipaza sauti, mwanangu. Nikasema huenda mmesoma kitabu kingine."

Nilitamani kumjibu vibaya. Rukia akanitangulia, alikwisha simama. "Braza, subiri. Ukisimama sasa, tunafika saa ngapi?"

"Magharibi."

"Kwa hiyo kosa ni lako, anayelilipa ni mama yangu?"

Bi Mwanahawa akamvuta gauni. "Kaa, Rukia. Dereva, zikikatika nyumba, simama."

Zilikatika mbali sana. Tukapata msikiti mdogo kando ya mashamba, wenye bomba moja linalotoa maji kama machozi. Nilisimama pale nikimshikia kila mtu kopo, nikitazama saa, mpaka wa mwisho. Adhuhuri tuliipata.

Pangani tulifika adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Walinzi walikuwa wamekwisha rudi ufukweni na maji yalikuwa yamejaa vizuri, yametulia. Nilimfuata Bi Mwanahawa barazani kumwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Umefanya lililokupasa. Lakini usinitake niseme sikuumia."

Kwa hiyo, wewe uliyekaa kwenye kiti changu: daftari la Meneja lipo kwenye droo ya juu. Ule mstari wa Wazo nimeukata, na sikuandika jina la mahali pengine badala yake, maana nikikuandikia leo utakuwa uongo kesho. Tazama dirishani. Ukikosea, sema wakati ukiwa bado upo, wala usidhani ukweli utakurudishia ulichomharibia mtu. Safari nyingine nilizoongoza zilikwenda salama, na nyingi zimenitoka akilini.

Bi Mwanahawa hakusafiri nasi tena, magoti yalimkataza. Rukia namkuta karibu kila siku, dukani kwao, Temeke. Mimi humtolea salamu. Naye huitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu, kisha hugeuka akaendelea kupanga bidhaa zake.